RD350 ya baba na kisanduku cha cheche: ramani yako imepinduka

Swali:

"Shikamoo fundi. Mimi ni fundi elektroniki, kazi yangu iko Nairobi ila kwetu ni Mombasa. Baba alinunua Yamaha RD350 mwaka 1974 akaiendesha hadi mgongo ulipomkatalia, na sasa amenipa mimi. Nimeifufua na inatembea, lakini pointi, zile kontakti zinazokata umeme ili cheche itoke, zinanichosha, kila wiki nazirekebisha. Nimeagiza kisanduku cha CDI, cha kutoa cheche kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita, kinachopangwa kwa kompyuta, na ramani ya cheche ipige lini nimeshaichora: nyuzi 8 kabla ya kilele injini ikiwa taratibu, halafu inapanda sawasawa mpaka nyuzi 32 kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Niongeze au inatosha? Na nitapata farasi wangapi zaidi? Desemba nataka kuiteremsha mpaka Mombasa nikamwonyeshe mzee."

Jibu:

Marahaba, dada. La kwanza kabla hujagusa waya: usiiwashe injini ya mzee kwa ramani hiyo. Itawaka vizuri, pengine itakufurahisha mtaani, kisha siku utakayoikamua kwelikweli barabarani itatoboa pistoni. Si kwamba umekosea hesabu. Umechora ramani nzuri kabisa ya injini ya gari. Ya mipigo miwili, kama hiyo RD yako, huenda kinyume.

Kwenye gari, moto ndani ya silinda unahitaji muda kusambaa, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo muda unavyopungua, kwa hiyo cheche inawahishwa zaidi na zaidi. Ndiyo maana distribyuta za zamani zilikuwa na vizito vya kutanuka kwa kasi. Kwa RD, Yamaha hawakuweka hata kimoja. Cheche imefungwa mahali pamoja, milimita 2.0 kabla ya pistoni kufika kilele, tangu inapowaka mpaka inapolia. Injini hii ina mwendo wa pistoni wa milimita 54, na ukipiga hesabu milimita hizo 2.0 ni takriban nyuzi 20. Nyuzi 32 zako ni kama milimita 5. Yaani moto unawashwa pistoni ikiwa bado mbali, inapanda, huku mchanganyiko ukiwaka juu yake. Nguvu yote hiyo inaisukuma chini wakati krankshafti inaisukuma juu. Kitu fulani kitakubali kushindwa, na kwa kawaida ni alumini.

Sasa kwa nini kinyume? Kwa sababu ya bomba. Ekzosi ya injini ya mipigo miwili ni kiungo cha injini kama silinda yenyewe. Hata ile ya kiwandani kwenye RD, inayoonekana kwa nje kama bomba la kawaida, ndani ina koni za kutanua na kubana. Wimbi la moshi linatoka, linagonga koni ya nyuma, linarudi na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa unatorokea nje. Likirudi kwa wakati wake, silinda inajaa kupita kiasi na injini inaamka. Hilo ndilo teke unalolisikia RD inapopita mizunguko 5,000 hivi. Aliyeipa elimu hii umbo lake ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ kule Zschopau, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi, akaenda Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki wakabeba ubingwa wa dunia wa cc 50 yeye akiwa juu ya pikipiki. Wajapani hawakukawia baada ya hapo.

Turudi kwenye bomba. Wakati silinda imejaa namna hiyo, mchanganyiko umebanwa zaidi na umevurugika zaidi, na moto unasambaa haraka mno. Hauhitaji kuwahishwa, unahitaji kuzuiwa. Na ukishapita kilele cha nguvu, wimbi linaanza kuchelewa kurudi kwa sababu injini imelizidi mbio. Hapo ukiichelewesha cheche kidogo, sehemu ya joto inamalizikia ndani ya bomba badala ya ndani ya silinda. Bomba likipata joto, sauti inasafiri haraka zaidi ndani yake, na wimbi linarudi mapema. Ni kana kwamba umelifupisha bomba kwa programu. Kwa hiyo ramani ya mipigo miwili inakuwa na mgongo: inaanza chini kidogo, inapanda katikati pale ambapo bomba halijaamka, kisha inateremka kadiri kasi inavyopanda.

Kwa RD350 yenye ekzosi ya kiwandani na silinda ambazo hazijachongwa, mimi huanza hivi. Kwenye kiki na kusimama taratibu, mpaka mizunguko 1,500, nyuzi 15, ili isikurudishie teke mguuni. Kisha ipande mpaka 21 au 22 kati ya 2,500 na 4,000. Ukifika 5,000 iwe imerudi kwenye 20 za Yamaha. Kwenye 6,500 iwe 18, kwenye 7,500 iwe 17, na kwenye 8,500 iwe 15. Kikomo ukifunge kwenye 9,000. Krankshafti hiyo ina miaka hamsini na juu, ipe heshima ya mzee. Wapo vijana wanaokwenda chini ya nyuzi 10 huko juu wakitafuta mbio za mwisho, lakini bila kipimo cha joto la ekzosi hiyo ni kamari nyingine. Cheche ikichelewa mno, joto linaihamia pistoni upande wa tundu la ekzosi na ringi zinaanza kung'ang'ania.

Farasi? Nitakuwa mkweli kuliko muuza vifaa. Yamaha walitangaza farasi 39 kwenye mizunguko 7,500, na kwa ekzosi na kabureta hizo hizo utabaki palepale au karibu sana. Utakachopata ni injini inayowaka kwa kiki ya kwanza, isiyokohoa kwenye foleni ya Uhuru Highway, isiyochafua plagi ovyo, na inayokuruhusu kuchelewa kubadilisha gia unapolipita lori bila kukata pumzi ghafla. Kwangu hayo yanatosha. Ukitaka farasi, nenda kwenye mabomba na silinda, na hapo ramani itabidi ichorwe upya kabisa.

Lakini kuna jambo katika swali lako lililonisumbua kuliko ramani. Unasema pointi unazirekebisha kila wiki. Pointi za RD zina ubovu wao, nakubali. Kisigino cha faiba kinachosugua kamu kinalika, mwanya unapungua kutoka kwenye ile milimita 0.3 hadi 0.4 inayotakiwa, na cheche inachelewa. Kwenye kasi kubwa springi inachoka na pointi zinadundadunda. Ila kila wiki ni mno. Mzee wako asingeivumilia miaka yote hiyo kama ndivyo ilivyozaliwa. Pointi zikiungua haraka na kuota kipele upande mmoja, tazama kondensa. Kisigino kikilika haraka, gusa kile kipande cha kitambaa kinacholainisha kamu, mara nyingi kimekauka kama mkate wa juzi. Na mwanya ukiwa haukai, leo hivi kesho vile, basi nashuku beringi ya krankshafti ya upande wa kushoto.

Hapo ndipo ningekaa muda mrefu kuliko penginepo. Kamu ya pointi imekaa kwenye ncha ya kushoto ya krankshafti, nje ya alteneta. Beringi ikiwa imechoka, ncha ile inacheza na mwanya unacheza nayo. Pointi zimekuwa zikikupa taarifa ya ugonjwa, nawe unataka kuzitoa. Ukifunga sensa ya sumaku isiyogusana na chochote, taarifa itanyamaza, ugonjwa utabaki. Na beringi inayocheza huila sili iliyo pembeni yake. Sili ya krankshafti ikivuja kwenye injini ya mipigo miwili, inavuta hewa isiyopitia kabureta, mchanganyiko unakosa mafuta, na pistoni inayeyuka hata kama cheche yako ni sahihi kwa sehemu ya elfu.

Kwa hiyo kabla ya kisanduku, pima uvujaji. Si kazi ngumu. Ziba tundu za ekzosi kwa mpira, ziba njia za kabureta, na upande mmoja upitishe mpira mwembamba wa hewa. Mafundi huenda mpaka psi 6. Mimi natumia pampu ya kupimia presha ya damu, ile ya hospitalini yenye geji ya duara: ukiifikisha 300 umekaribia psi 6 vizuri sana, na geji yake inasoma kwa uangalifu kuliko ya gurudumu. Pima kila silinda peke yake, kwa sababu kwenye injini ya mapacha kila moja ina chumba chake cha krankshafti. Ikae dakika 6. Sindano ikishuka haraka, paka maji ya sabuni kwenye maungio na utafute povu. Upande wa kushoto fungua kabisa kava ya alteneta ili uione sili yenyewe. Upande wa kulia sili iko nyuma ya klachi. Huioni, ila injini inayonywa oili ya gia na kutoa moshi mweupe mzito upande mmoja imeshakwambia.

Ukishakuwa na geji ya saa mkononi, ile inayoingia kwenye tundu la plagi kupima pistoni iko wapi, pima na jambo jingine. Krankshafti ya RD imeunganishwa kwa kubanwa, si kipande kimoja, na pistoni mbili zinatakiwa kupishana nyuzi 180 kamili. Injini iliyowahi kukwama ghafla huenda imejisokota nyuzi moja au mbili. Kwa pointi hutajua kamwe, maana kila silinda ina pointi zake na unaipanga peke yake. Kisanduku hakijui hivyo. Kinahesabu kwamba kilele cha pili kiko nusu mzunguko baada ya cha kwanza, kinapiga cheche hapo, na kama krankshafti imesokoteka basi silinda moja inapata cheche mapema kuliko unavyoona kwenye skrini. Vifaa kadhaa vinakuruhusu kusahihisha silinda moja kwa nyuzi chache, vile vya Zeeltronic kutoka Slovenia na Ignitech kutoka Cheki vikiwemo kwenye jamii hiyo. Soma karatasi ya kile ulichoagiza. Msokoto ukizidi nyuzi mbili usiufiche kwa programu, peleka krankshafti kwa mwenye presi akainyooshe.

Upande wa umeme wewe ni mwalimu wangu, nitakutajia tu mitego ambayo imeshawanasa wengine.

Koili ya zamani usiitumie. Koili ya pointi ina ohmu 3 hadi 5 kwenye upande wa kuingilia, na imeumbwa kujaa taratibu kisha kukatiwa. Koili ya CDI ina chini ya ohmu moja na inapigwa kwa volti mia kadhaa kwa mkupuo. CDI kwenye koili ya pointi itakupa cheche legelege. Kinyume chake, kisanduku cha aina ya transista kwenye koili ya CDI, unaunguza kisanduku. Kwa injini inayochafua plagi kwa oili, CDI inafaa kwa sababu volti yake inapanda ghafla na kuruka kabla haijavujia kwenye uchafu. Cheche ya transista ni ndefu zaidi na laini zaidi, na kuna wanaoipendelea kwa mwendo wa taratibu. Kwa RD ningekwenda na CDI kama ulivyofanya.

Sensa: ikiwa ni ya koili na sumaku, wimbi lake lina kilima na bonde. Ukigeuza waya zake mbili injini bado itawaka, lakini kisanduku kitashika ukingo mwingine wa kile kipande cha chuma, na taimingi itahama kwa upana wa kipande hicho. Wewe una osiloskopu, itazame kabla hujasumbuka na spana. Mwanya kati ya sensa na chuma uache milimita 0.5 hadi 0.8, na uzungushe injini mzunguko mzima kwa mkono uhakikishe hakuna pahali panapogusa.

Kila sensa na kila kisanduku kina kuchelewa kwake. Kwenye mizunguko 9,000 krankshafti inapita nyuzi 54 kwa milisekunde moja. Maana yake mikrosekunde 20 tu ni zaidi ya nyuzi moja. Ndiyo maana namba ya kwenye skrini mimi siiamini mpaka taa ya taimingi, ile inayomweka kila cheche inapopiga, iseme.

Betri ya RD kwenye foleni haipati chakula cha kutosha, alteneta yake ni ya koili ya uga na inataka mzunguko ili ifanye kazi. Kisanduku chako kinakula betri. Betri ikishuka sana, kwanza taa zinafifia, kisha cheche inapotea, na kiki haitasaidia. Weka regyuleta mpya ya kielektroniki mahali pa ile ya zamani yenye kontakti, weka betri mpya, na kisanduku kipe fyuzi yake na waya wake wa ethi unaokwenda moja kwa moja kwenye betri. Usitegemee fremu iliyopakwa rangi. Ukitaka kuachana na alteneta kabisa, kuna seti za kuwashia na kuchaji za Vape zenye rota ya sumaku, lakini gharama inakuwa hadithi nyingine, na ukishaongeza ushuru na VAT ya 16% utaanza kuzipenda pointi.

Mwisho wa umeme ni plagi. NGK B8HS ndiyo iliyozaliwa nayo. Kisanduku chenye kompyuta ndani hakipendi kelele za umeme, kwa hiyo weka ama kofia za plagi zenye rizista ya kilo-ohmu 5, ama plagi ya BR8HS. Nimeona injini ikikata na kuwaka kwenye 6,000, kijana amebadilisha kabureta mara mbili, kumbe waya wa sensa umefungwa pamoja na waya wa plagi kwa kibanio kimoja cha plastiki.

Ukishafunga, tafuta kilele kwa geji ya saa kupitia tundu la plagi, tia alama kwenye rota na kwenye kava, kisha pima milimita 2.0 kurudi nyuma na utie alama ya pili. Hiyo ndiyo nyuzi 20 yako. Ukitaka alama zaidi, milimita 1.1 ni takriban nyuzi 15, na 3.1 ni 25. Pakia kwanza ramani iliyonyooka, nyuzi 20 kila mahali, kama ya kiwandani. Washa, piga taa ya taimingi. Alama isipokaa, zungusha bamba la sensa au sahihisha kwenye programu mpaka ikae. Panda taratibu mpaka 5,000 kwa sekunde chache. Alama ikitambaa kadiri kasi inavyopanda, na hali ramani yako imenyooka, huko ndiko kuchelewa kwa sensa nilikokutajia, na programu nyingi zina mahali pa kuingiza mikrosekunde. Fanya hivyo kwa silinda zote mbili. Hapo ndipo upakie ramani yenye mgongo. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu injini imewaka na imelia vizuri. Injini ya mipigo miwili hulia vizuri sana dakika moja kabla ya kufa.

Sasa safari, na hapa ninazungumza kwa kovu. Zamani nikiwa bado na haraka niliipanga RD ya rafiki yangu Nairobi. Jeti, vile vitundu vya petroli ndani ya kabureta, nilizipunguza kwa sababu Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari. Hewa kidogo, petroli kidogo, sawasawa. Cheche nikaiwahisha kidogo kwa sababu silinda isiyojaa sana inakuvumilia. Ilikwenda kama kishada. Tukateremka. Emali safi, Mtito Andei safi, nikaanza kujiona bingwa. Baada ya Voi, tambarare, jua la saa nane, mimi nimeinama kwenye tangi nikilipita lori, silinda ya kulia ikafa bila kuaga. Nilipofungua nilikuta tundu katikati ya pistoni ambalo ungepitisha kidole. Kitu kilichobadilika ni hewa tu. Kila kilomita tuliyoteremka hewa ilizidi kuwa nzito, silinda ilizidi kujaa, petroli ilibaki ile ile ya Nairobi, na cheche ile ile ya mapema. Nilifika Mombasa juu ya lori lile lile nililokuwa nalipita.

Kwa hiyo ramani yako ichore kwa Mombasa, usiichore kwa Nairobi. Namba nilizokupa hapo juu zinavumilia usawa wa bahari. Usishawishike kuongeza nyuzi mbili kwa sababu kule Ngong Road inakubali. Na hakuna ramani inayoponya jeti ndogo. Jioni kabla ya safari rudisha jeti kubwa za kiwandani, zile za usawa wa bahari. Asubuhi ukiwa Nairobi injini itakuwa nzito, itatoa moshi, itasitasita ukifungua gesi yote, usijali. Kuanzia Mtito Andei kushuka itajisafisha yenyewe. Heri plagi chafu kuliko pistoni mpya. Kama kisanduku chako kina nafasi ya ramani mbili na swichi, ya pili ifanye pungufu nyuzi 3 kuanzia 4,000 kwenda juu, kwa ajili ya petroli ya kituo usichokijua.

Injini ikianza kugonga ndani, kwenye mipigo miwili ni nadra uisikie kwa masikio, kelele za ekzosi zinafunika. Utaiona. Chomoa plagi: kaure nyeupe yenye vidoa vyeusi kama pilipili manga, au chengachenga za alumini zinazong'aa, maana yake pistoni imeanza kulika. Zima, punguza cheche, ongeza jeti, usiseme nitafika tu.

Na kwenye miteremko mirefu usifunge gesi ukaiacha injini ikuvute. Pampu ya oili ya Autolube inafuata mkono wako wa gesi, ukifunga inatoa oili kidogo sana huku injini bado inazunguka kwa kasi. Shika klachi, au kila baada ya muda mfupi fungua gesi kidogo uilishe. Baba yako anajua hili, muulize.

Bamba la pointi, kondensa na koili za zamani usizitupe wala usimpe fundi wa mtaani. Zifunge kwenye mfuko pamoja na mwanya wake uliopimwa, uziweke chini ya kiti. Kisanduku kikifa Manyani saa mbili usiku, nusu saa na spana mbili utaendelea na safari, mradi umeziacha waya za zamani mahali pake.

Kabla ya Desemba nitumie namba tatu: usomaji wa presha baada ya dakika 6 kwa kila silinda, tofauti ya kilele kati ya pistoni mbili, na taa ya taimingi ilisema nini kwenye 5,000 kwa ramani iliyonyooka. Na siku ya safari, ukifika Mtito Andei, pumzika injini ipoe, chomoa plagi zote mbili, zipige picha kwenye mwanga wa jua, unitumie kabla hujapiga kiki tena.